Amri Itanguliayo Hatua: Uhakiki wa Uteuzi wa Maumbo katika Ngoma za Kuitwa

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kuiingia ngoma kwa mlango wa wimbo. Maneno ya wimbo hunakiliwa, hupangwa katika beti, hutafutiwa vina na mafumbo, kisha huchambuliwa kama shairi. Baada ya hapo hutajwa ala, mavazi na tukio lenyewe. Lakini yapo maneno mengine yanayosemwa uwanjani ambayo si wimbo, na ambayo bila hayo ngoma nyingi haziwezi kusogea: maneno ya yule anayewaambia wachezaji la kufanya. Geukeni. Shikaneni. Rudini nyuma. Maneno hayo ni mafupi, hayana vina wala mafumbo, na kwa sababu hiyo yameachwa nje ya daftari la mkusanyaji.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuachwa huko ni kosa la kihakiki. Anayeita hatua za ngoma anatunga, ingawa hatungi beti. Utunzi wake umo katika uteuzi: umbo lipi liingie, lipi liachwe, lipi litangulie na lipi lifuate, na ni nani litakayemkutanisha na nani. Hoja hiyo itajengwa kwa kulinganisha ngoma tatu zilizoandikwa habari zake kwa kirefu, yaani kontradansi, beni na seben ya muziki wa Kongo, kisha itapelekwa Kitshanga, mji wa Masisi katika Kivu ya Kaskazini, ambako swali la nani akutanishwe na nani si la ngoma peke yake.

2.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kina majina mengi ya mabingwa wa ngoma. Sogora ni fundi wa kupiga. Malenga ni fundi wa kutunga na kuimba. Manju huongoza wimbo na kikundi chake. Kungwi huongoza mafunzo ya unyago, nyimbo na michezo yake ikiwemo. Hakuna hata moja kati ya majina haya linalotaja kazi ya kuita hatua peke yake. Si kwamba kazi hiyo haipo. Imefichwa ndani ya kazi nyingine. Manju akiimba hutia katikati ya wimbo neno la kuwageuza wachezaji, na sogora anaweza kuwageuza kwa mpigo tu bila kutamka lolote.

Kwa ajili ya mjadala huu, anayetamka maneno hayo ataitwa mwitaji, na kipande kimoja cha mwendo kinachoweza kutajwa kwa jina na kuchezwa kikamilifu kitaitwa umbo. Neno "mtindo" limeepukwa kwa kuwa hutumika pia kwa aina nzima ya muziki au ngoma. Neno "hatua" litabaki na maana yake ya kawaida, yaani mguu mmoja kuondoka na kutua. Umbo moja hujengwa kwa hatua kadhaa, na mchezo mzima hujengwa kwa maumbo kadhaa.

Je, maneno ya mwitaji yawekwe wapi katika uainishaji uliopo? M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 iliyochapishwa katika Mulika, aliainisha tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Maneno ya mwitaji yanagusa kadhaa kati ya hizo bila kuenea ndani ya moja. Ni mafupi kama semi, lakini hayana hekima ya kudumu. Yanafuata mapigo kama ushairi, lakini hayana ubeti. Yanatuma ujumbe uwanjani kama ngomezi, ila kinywa ndicho kinachosema na mguu ndio unaojibu. Yanakaribia zaidi maigizo, kwa kuwa hayana maana kamili mpaka yatendwe. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walidai kwamba sanaa ya maonyesho haikamiliki bila dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja na watazamaji. Ngoma ya kuitwa inatimiza masharti hayo kwa namna ya pekee, maana wanaolisikia neno ndio hao hao wanaolitenda. Hadhira ya mwitaji haiketi.

3.0 Kontradansi na Kazi ya Mwitaji

Mahali ambapo kazi ya mwitaji imetengwa waziwazi na kazi ya mwimbaji ni katika ngoma ijulikanayo kama kontradansi. Asili yake ni ngoma za mashambani za Uingereza, ambazo John Playford alizichapishia kitabu cha maelekezo mwaka 1651. Kutoka huko ziliingia Ufaransa, zikabadilishwa jina na sura, kisha zikasafiri na makoloni. Nchini Marekani zilishika mizizi hasa katika majimbo ya kaskazini mashariki, ambako zinachezwa hadi leo. Katika Bahari ya Hindi zilifika Visiwa vya Shelisheli, ambako zilizaa kamtole, ngoma inayochezwa kwa fidla, kodiani, banjo, pembetatu na ngoma, na ambayo maumbo yake hutamkwa na mtu anayeitwa komander. Kwa hiyo msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuvuka Atlantiki ili kumkuta mwitaji. Yuko ng'ambo ya pwani yake.

Inafaa itajwe pia kwamba historia ya kazi hiyo inarudi Afrika kwa njia nyingine. Mwanahistoria na mchezaji Phil Jamison, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu mizizi ya ngoma za kusini mwa Marekani, anadai kwamba desturi ya kuita hatua kwa sauti ilianzishwa na wapiga fidla weusi waliokuwa wakipiga muziki katika karamu za mabwana na katika mikusanyiko yao wenyewe. Watu wa Ulaya walijifunza maumbo kwa mwalimu wa ngoma kabla ya karamu. Mpiga fidla aliyeyataja maumbo papo hapo alimwezesha asiyekuwa na mwalimu kuingia uwanjani. Kama hoja hiyo ni sahihi, basi kuita hatua kulikuwa tangu mwanzo kazi ya kufungua mlango.

Mwitaji wa kontradansi huchaguaje maumbo? Sharti la kwanza ni la muda. Wachezaji husimama katika mistari miwili mirefu, wawili wawili wakielekeana, na kila jozi hucheza na jozi iliyo karibu nayo. Muziki una mapigo 64 katika mzunguko mmoja, yaliyogawanywa katika vipande vinne vya mapigo 16. Maumbo mengi huchukua mapigo 8, na machache 16. Maana yake ni kwamba mzunguko mmoja hauna nafasi zaidi ya maumbo manane hivi, na mara nyingi ni pungufu. Mtunzi wa beti ana mizani. Mwitaji naye ana mapigo 64 ambayo hayaongezeki wala kupungua.

Sharti la pili ni la mwili. Umbo humwacha mchezaji mahali fulani, akielekea upande fulani, na mkono fulani ukiwa huru. Waliozungukana kwa kushikana mikono ya kulia wana mkono wa kushoto ulio tayari. Kuwataka washikane tena ile ya kulia ni kuwakatisha mwendo. Mwitaji anayejua kazi yake huchagua umbo linalotaka kile ambacho umbo lililotangulia limekwisha kukiacha wazi. Hapa ndipo palipo urari wa sanaa hii, na hauonekani kwa anayesoma orodha ya maumbo karatasini. Unaonekana pale mtu asipojikwaa.

Sharti la tatu ni la ujuzi. Mwitaji hufika na mpango alioandika, lakini hufungua kwa michezo yenye maumbo machache, akiwatazama wachezaji. Kabla ya muziki kuanza huwapitisha polepole katika maumbo yote. Muziki ukishaanza, hutamka kila umbo mapigo machache kabla ya wakati wake, ili neno limfikie mchezaji mguu wake ungali ukimaliza umbo la awali. Baada ya mizunguko kadhaa, maumbo yakishakaa miguuni, hupunguza maneno, kisha hunyamaza. Mafanikio yake hupimwa kwa ukimya wake. Hilo ni jambo adimu katika fasihi simulizi, ambamo fanani kwa kawaida husifiwa kwa wingi wa maneno.

Sharti la nne ni la jamii. Mchezaji wa kontradansi huwa na mwenzi, ambaye amemchagua, na jirani, ambaye hakumchagua. Mwisho wa kila mzunguko jozi zote husogea nafasi moja, na kila mmoja hukutana na jirani mpya. Mchezo ukienda muda wa kutosha, jozi moja itakuwa imecheza na karibu mstari mzima. Mwitaji ndiye anayeamua uzito wa sehemu mbili hizi. Akijaza maumbo ya mwenzi, watu watacheza wao kwa wao. Akijaza maumbo ya jirani, watu watashikana mikono na wasiowajua. Waitaji wengi hutafuta mizani kati ya pande hizo. Kwa upande wa majina vilevile, tangu miaka ya 2010 vikundi vingi nchini Marekani vimeacha kuwaita wachezaji wa pande mbili kwa jinsia zao, vikachukua majina ya ndege, ili mtu yeyote aweze kucheza upande wowote. Uteuzi wa neno umebadili uteuzi wa watu.

4.0 Uteuzi katika Beni na katika Seben

Masharti haya manne yakipelekwa katika ngoma za Waswahili na za Kongo, yanaonyesha tofauti ambazo wimbo peke yake hauzionyeshi.

Habari za beni zinajulikana zaidi kutokana na kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki. Ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi. Katika koloni la Wajerumani ilijulikana kwa vyama viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Cha kwanza kilihusishwa na watu wenye hadhi ya pwani, cha pili na wageni waliotoka bara kutafuta kazi. Vita vya 1914 hadi 1918 vilivyowachanganya askari na wapagazi wa makoloni mbalimbali viliieneza zaidi, na ilifika pia katika Kongo ya Wabelgiji.

Ranger ameeleza vizuri nani alikuwa mwanachama wa chama kipi, nani alilipia sare, na kwa nini watawala waliogopa. Lengo lake lilikuwa historia ya jamii, na amelitimiza. Hata hivyo mhakiki wa fasihi simulizi anabaki na swali: kwa nini maumbo ya gwaride? Jibu linapatikana katika sharti la tatu na la nne. Gwaride lilikuwa hazina ya maumbo ambayo watu wa makabila mengi walikuwa wamekwisha kuyaona, na ambayo hayakuwa mali ya kabila lolote. Mgeni wa bara aliyeingia mjini hakuhitaji kujua ngoma ya wenyeji. Alihitaji kujua kwenda mbele, kusimama na kugeuka. Lakini gwaride lina gharama yake: maumbo yake humweka mtu katika safu, mabega kwa mabega na wa upande wake, akielekea upande mmoja na wenzake. Halina umbo la kumkutanisha na wa safu nyingine isipokuwa kwa kushindana naye. Haishangazi basi kwamba ngoma iliyochagua maumbo hayo ilistawi kwa mashindano ya vyama viwili viwili.

Seben ni sehemu ya wimbo wa Kongo ambapo uimbaji wa beti hukoma, magitaa hushika kasi na watu hucheza. Mwitaji wake ni atalaku. Jina hilo lilitokana na kelele zilizopigwa katika bendi ya Zaïko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi hiyo ilipowachukua vijana kutoka vikundi vya ngoma vya mitaani Kinshasa. Atalaku hushika kayamba, hupiga kelele fupi fupi, na kelele hizo huwa zimefungwa na maumbo: ikitajwa moja, wachezaji wa mbele wanajua kiuno kiende wapi. Kwasa-kwasa ya miaka ya 1980 na ndombolo ya miaka ya 1990 zilienea mbali namna hiyo, jina la umbo likitangulia na umbo lenyewe likifuata.

Bob White, ambaye mwenyewe alijifunza kazi ya atalaku ndani ya bendi ya Kinshasa, ameonyesha katika Rumba Rules (2008) kwamba atalaku hukusanya kelele zake mitaani, huazima za wenzake na huzipanga kwa kusikiliza gitaa. Kwa maana hiyo atalaku hutimiza vyema sharti la kwanza na la pili. Tatizo liko katika la nne. Ndani ya seben atalaku hutaja pia majina ya wafadhili, desturi iitwayo kwa Kilingala kurusha libanga, yaani jiwe. Kila jina linalorushwa hukaa katika mapigo ambayo yangeweza kubeba umbo. Muda wa seben iliyorekodiwa, kama mapigo 64 ya kontradansi, haupanuki. Mwitaji anayelipwa ili ataje majina anauza nafasi za wachezaji. Si haki kumlaumu atalaku mmoja mmoja kwa jambo hilo, kwani uchumi wa muziki ndio umemfikisha hapo. Lakini si haki vilevile kuuhesabu uteuzi huo kuwa wa kisanaa tu.

5.0 Umbo la Amri katika Kiswahili

Kabla ya kufika Kitshanga, inafaa kuchunguza lugha itakayotumika huko. Je, Kiswahili kinafaa kuitia hatua? Wapo wanaodhani kwamba lugha ya silabi nyingi itachelewa nyuma ya muziki. Dhana hiyo haina msingi.

Kwanza, mwendo wa kontradansi ni kama mapigo 110 hadi 120 kwa dakika, na mapigo manne huchukua takriban nukta mbili. Kauli "shikaneni mikono" ina silabi saba na inatamkika kwa raha ndani ya muda huo.

Pili, Kiswahili kina kauli ya kutendana, ambayo ni kama imeumbwa kwa kazi hii. Maumbo mengi ya ngoma ya watu wawili ni matendo ya kupokezana: kushikana, kupishana, kuzungukana, kuelekeana, kubadilishana nafasi. Neno moja, "pishaneni", linataja watendaji wawili, linasema kwamba kila mmoja anamtendea mwenzake, na linaamuru. Lugha nyingine huhitaji maneno matatu au manne kubeba maana hiyo. Aidha, mwitaji anapotumia kiambishi hicho huwa amechagua umbo ambalo haliwezi kutendwa na mtu mmoja. "Geukeni" inaweza kutendwa na kila mmoja peke yake. "Elekeaneni" haiwezi.

Tatu, Kiswahili humpa mwitaji uchaguzi wa hali. Anaweza kuamuru: "zungukeni". Anaweza kualika akijihesabu: "tuzunguke". Tofauti ni ya silabi ya kwanza na ya mwisho, lakini ni tofauti ya cheo. Wa kwanza yuko nje ya duara kama afisa wa gwaride. Wa pili yumo ndani.

Nne, Kiswahili hakibagui jinsia katika viambishi vyake, na maneno mwenzi na jirani hayana jinsia. Badiliko ambalo Wamarekani walilazimika kulitafutia majina ya ndege, mwitaji wa Kiswahili amelikuta limekwisha kufanyika katika sarufi.

Ni kweli kwamba Kiswahili cha Kivu si Kiswahili Sanifu. Msemaji wa Kivu husema "batu" mahali pa "watu", na katika nafsi ya pili wingi hutumia "mu-" mahali pa "m-": "muzunguke", si "mzunguke". Kwa kipimo cha shule hiyo ni lahaja isiyo rasmi. Kwa kipimo cha mwitaji ni faida, kwani irabu iliyobaki humpa silabi kamili ya kuwekea pigo. Mwalimu anayemsahihisha mwitaji katikati ya ngoma hajui ni kipi kinachopimwa hapo.

6.0 Uwanja wa Kitshanga

Kitshanga iko katika usultani wa Bashali, wilayani Masisi, kaskazini mwa Sake, si mbali na monasteri ya Mokoto. Wahunde ni wenyeji wa eneo hilo. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, kwa mpango uliopewa idara yake maalum. Wanande na Wanyanga ni majirani wa karibu. Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, wilayani Walikale, yalisambaa hadi Masisi, na tangu hapo vita vimefuatana. Kitshanga ilipokea maelfu ya wakimbizi wa ndani, waliowekwa katika kambi kando ya mji. Mwanzoni mwa 2013 sehemu ya mji iliteketea katika mapigano, na Januari 2023 mji ulitwaliwa na kundi la M23. Katika hali hiyo watu wamezidi kuhama, kurudi na kuhama tena.

Katika mji wa aina hii, harusi humkabidhi mwitaji hazina zaidi ya moja. Ipo ngoma ya mistari ya Wanyarwanda, umuhamirizo, yenye vishindo vya miguu na mikono iliyonyooshwa. Zipo ngoma za Wahunde. Upo mwendo wa kwaya za makanisa. Katika Kanisa Katoliki, Misale ya Kizaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 iliruhusu wazi mwili kucheza ndani ya misa. Na ipo seben, ambayo vijana wa Kongo yote huijua.

Katika hazina hizo seben ndiyo inayoelekea kuchaguliwa kwanza, na sababu yake ni ile ile ya gwaride katika beni: si mali ya kabila lolote la Kivu. Lakini hapa pana jambo ambalo uhakiki haujalitazama vya kutosha. Seben inayopigwa kwa kipaza sauti imekwisha kuitwa. Atalaku alichagua maumbo yake studioni, mbali na Masisi, kwa Kilingala, na mara nyingi kwa kuwazingatia wafadhili ambao hakuna mtu yeyote harusini anayewajua. Hawezi kuona kwamba wazee wameketi. Hawezi kuona kwamba wageni wa upande wa bibi harusi wako kushoto na wa bwana harusi wako kulia, na kwamba katikati pako wazi. Ni mwitaji asiyeuona uwanja. Amepungukiwa na masharti mawili kati ya manne, la ujuzi na la jamii, hata awe hodari namna gani katika mawili ya kwanza.

Upungufu huo huachiwa msemaji wa sherehe, yule ambaye watu wa Kivu humwita kwa Kifaransa maître de cérémonie. Kazi yake huonekana kuwa ya kutaja ratiba: familia fulani ipite, keki ikatwe, zawadi ziletwe. Kwa mtazamo wa makala haya, yeye ndiye mwitaji hasa, kwa kuwa ndiye pekee mwenye sauti na macho kwa wakati mmoja. Anaweza kuzima seben na kuita umuhamirizo, na kwa kufanya hivyo kuwainua baadhi ya wageni na kuwaketisha wengine. Anaweza kuita ngoma ya Kihunde, na matokeo yakawa kinyume chake. Anaweza kuziita kwa zamu, kila watu na yao. Njia hiyo ya zamu huonekana kuwa ya haki kuliko zote, na pengine ndiyo iliyo salama zaidi. Lakini ikipimwa kwa sharti la nne ina kasoro ya gwaride. Kila kundi hucheza ndani ya safu yake likitazamwa na lingine. Wote wameheshimiwa, na hakuna aliyeshikana mkono na jirani.

Njia nyingine ni kuita maumbo yasiyo na kabila: duara, mistari miwili inayoelekeana, kupishana, kusogea nafasi moja. Si lazima yatoke Shelisheli wala Marekani. Duara na mistari miwili imo katika michezo ya watoto wa kila kijiji. Yakiitwa kwa Kiswahili, ambacho Kitshanga hakimpi mtu yeyote faida ya kuzaliwa nacho juu ya mwenzake, na yakiitwa kwa hali ya "tu-", mzee na mgeni wanaweza kuyatenda bila mazoezi.

Hata hivyo haifai kuisifu njia hii kupita kiasi. Ina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba umbo linaloachwa kila mara hatimaye husahaulika. Kijana aliyekulia kambini, ambako ngoma ya babu haikuitwa, hawezi kuirithi kwa kusimuliwa. Mwitaji anayekwepa maumbo ya makabila ili kulinda amani ya jioni moja anaweza, bila kukusudia, kuwa mmoja wa wanaoyazika. Ya pili ni kwamba mkono wa jirani haushikiki kwa amri. Katika mji ambamo mtu anaweza kuwa amempoteza ndugu yake mikononi mwa watu wa yule anayesimama mbele yake, "shikaneni" si neno jepesi. Mwitaji wa kontradansi akikosea, mchezaji hujikwaa. Mwitaji wa Kitshanga akikosea, mtu huondoka harusini, na kuondoka huko huhesabiwa.

Kwa sababu hiyo uteuzi ulio bora huko ni ule unaofuata mpangilio wa sharti la tatu: kuanza na maumbo yanayodai kidogo na kungoja. Kupishana kunatangulia kushikana. Kuelekeana kunatangulia kupishana. Katika kuelekeana mtu hutazamwa tu, na anaweza kutazama chini. Ngoma za zamu nazo hazifukuzwi. Huwekwa mahali pake, zikifuatwa na umbo linalowataka waliokuwa wakitazama waingie, ili kilichochezwa na kundi moja kisibaki kuwa onyesho kwa lingine. Mwitaji anayepanga hivyo ametumia vigezo vile vile vya mwili, muda na ujuzi, na amekubali kwamba muda wa watu hauendi kwa kasi ya muziki.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maneno ya mwitaji yanastahili kuhakikiwa kama utunzi. Vigezo vinne vimependekezwa: je, umbo linaingia katika muda wake, je, linapokea mwili pale ulipoachwa, je, linalingana na ujuzi wa waliopo, na je, linamkutanisha nani na nani. Kwa vigezo hivyo beni imeonekana kufungua mlango wa mji lakini kuwapanga watu katika safu zinazoshindana. Atalaku ameonekana kuwa fundi wa mapigo ambaye uchumi wa libanga na chombo cha kurekodia vimemnyima uwanja. Kontradansi imeonekana kuwa na kitu kimoja ambacho nyingine hazina, yaani jirani asiyechaguliwa, pamoja na utaratibu wa kumfikia kila jirani kwa zamu.

Kwa upande wa uainishaji, inapendekezwa kauli hizo zihesabiwe kuwa kipera cha maigizo, kwa jina la kauli za kuitia ngoma, na zikusanywe kwa namna inayozifaa. Kunakili neno peke yake hakutoshi. Mkusanyaji aandike neno, pigo lililotamkiwa, umbo lililofuata, hali ya kitenzi iliyotumika na, zaidi ya yote, waliosimama na walioketi neno lilipotamkwa. Wanafunzi wa idara za Kiswahili za Goma, Bukavu, Dar es Salaam na Nairobi wanaweza kuifanya kazi hiyo katika harusi za mitaa yao bila gharama kubwa. Mwitaji naye aulizwe, baada ya sherehe, sio tu kwa nini aliita alichoita, bali pia ni umbo lipi alilokuwa nalo mdomoni akaliacha. Jibu la swali hilo la pili halipatikani katika kanda yoyote, na huenda ndilo litakaloeleza zaidi jinsi watu wa mji fulani wanavyoishi pamoja.